Macho ya Binti Yangu Daktari

Ni binti yangu mwenyewe aliyeuona uvimbe kwenye picha ya kifua changu, wenzake wote walikuwa wameupita bila kuuona! Sasa, hujambo mdogo wangu? Si nilikwambia mtoto yule ana jicho kali? Alitoka kidogo kunawa uso, akarudi kunieleza bila kuficha kwamba hautibiki.

Nilipomwambia jirani, akanisimulia goti lake. Binadamu hatukubali kupitwa hata kwa maradhi! Mimi nawaza mapazia tu, yamechanika, na mawifi wana midomo. Nikamwambia binti yangu mje kuniona mwisho wa mwezi, nikishashona mapya.

Daktari wangu akanishika mkono. “Mama, achana na mapazia. Waambie waje wote Jumamosi hii.”

Dada yako,
Mama Daktari