Sauti ya Mtu Mzima

Jumatatu, 3 Machi

Mama ameanguka. Bafuni, asubuhi, mimi nafunga viatu niende karakanani. Kishindo, halafu jina langu. Nyonga ya kulia. Nilimfunika shuka, nikamgongea jirani, jirani akaita gari.

Hospitali: taa zinavuma, spika inaita namba, mtoto analia, harufu ya dawa ya sakafu. Maneno yakaondoka. Hutokea hivyo kwenye kelele. Wala si ukaidi. Ni kama bomba: unafungua, linakoroma, hakuna kitu.

Nesi akaniuliza mama ameanguka saa ngapi. Najua! Nikabaki natazama kalamu yake. Akawageukia watu wa kwenye benchi: huyu kaja na mtu mzima?

Nina miaka thelathini na sita. Nina ndevu.

Mama akajibu akiwa amelala, anasaga meno kwa maumivu: “Mtu mzima ndiye huyo. Mpe kalamu.”

Nesi alidhani ni homa inayosema.

Jumanne, 4 Machi

Dada kafika na basi la alfajiri. Ndiye mkubwa wetu, na ndiye mdomo wangu tangu utotoni: dukani, shuleni, kwa daktari wa meno. Anaongea vizuri. Kila mtu wodini keshampenda.

Kabla ya saa ya chai kapanga yote. Mama akitoka, anahamia kwake. Nyumba tuipangishe. Mimi niende kwa mjomba, kuna chumba cha uani. Haya alimwambia daktari, nami nimesimama katikati yao kama mwavuli uliosahauliwa.

Jioni, nyumbani, maneno yalirudi. Nikamwambia siendi kwa mjomba.

“Mbona hukusema kule?”

Swali zuri.

Jumatano, 5 Machi

Nyuma ya hospitali kuna kitengo cha usonji. Kumbe! Nimekwenda. Kuta za njano, samaki wamechorwa, viti vinaishia magotini pangu. Mtaalamu wa usemi ni mama mpole mwenye miwani. Akachungulia nyuma yangu kumtafuta mtoto.

Nilikuwa nimeandika kabisa: Ni mimi mwenyewe. Naongea, ila penye kelele siwezi. Akasoma mara mbili. Akasema, kwa sauti ya chini (Mungu ambariki), kwamba wao mwisho wao ni miaka kumi na minane. Na baada ya hapo? Akatazama samaki. Baada ya hapo, kusema kweli, hakuna kitu. Huwaaga mlangoni na keki, hajui wanakwenda wapi.

Wanakwenda wapi! Wanakuja huku niliko.

Hakutaka niondoke mikono mitupu. Akanipa vifunika masikio, vikubwa kuliko vyote alivyonavyo. Vina masikio ya sungura. Havikunipita kichwa. Tulicheka wote wawili. Halafu akaniwekea programu kwenye simu: unabonyeza picha, inasema kwa niaba yako.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeijaribu karakanani. Tunashona makochi, hapa naongea bila shida, maana nyundo naiona kabla haijapiga.

Picha zilizomo: mpira, bembea, juisi, dubu, choo. Nikabonyeza “naumwa”. Sauti ya katoto ka kike: “Mama, naumwa tumbo!”

Karakana nzima hoi. Fundi mwenzangu, tunayemwita Kengele kwa sababu ya kicheko chake, alilia machozi mpaka akapiga stepla kwenye suruali yake mwenyewe. Nikatafuta “upasuaji”. Haimo. “Sitaki” imo, ila huwezi kuitenga: “Sitaki mboga!” Nyumba imo, imechorwa na jua linalocheka. Sasa nitamwambia nini daktari? Mama yangu anataka bembea?

Kengele alipomaliza kucheka akauliza, kwani ya nini hiyo. Nikamweleza. Akachomoa stepla surualini.

“Basi si uitie sauti ya mwanaume mwenzako?”

Ijumaa, 7 Machi

Kweli, programu inakubali kurekodi. Tulijifungia stoo ya vitambaa, huko mwangwi unamezwa. Mimi naandika, Kengele anasema.

Ile ya kwanza, “Naelewa, sema na mimi,” aliisema kama mtu anayenadi samaki. Tukarudia. “Mimi ni mwanawe.” “Rudia taratibu.” “Nisubiri, najibu.” Aliongeza yake: “Usinipigie kelele, bwana.” Nikakataa. Akabembeleza. Nimeiacha.

Bembea na dubu nimewafuta. Nimepiga picha za vitu vyetu: kitanda cha mama, mlango wetu, mkono wangu.

Jumapili, 9 Machi

Saa ya kuona wagonjwa. Dada alikuwa kashuka kununua maji. Nikabonyeza: “Shikamoo mama, umeamkaje?”

Mama akafumbua jicho moja. “Nani kamwingiza mlevi wodini?”

Alicheka mpaka nyonga ikamkataza. Kisha akawa si wa mzaha. Akasema dada keshamweleza mipango yake, na yeye hajaitikia. Nikaandika: Wewe unataka nini?

“Nataka kwangu. Lakini wewe kwanza uniambie kama unaweza. Kuniinua, kunipeleka choo, siku mbaya na siku njema. Usinijibu kwa mapenzi. Kafikirie.”

Jumatatu, 10 Machi

Mama kapasuliwa. Katoka salama. Kalala. Sina la zaidi.

Jumanne, 11 Machi

Nimefikiria.

Kupika naweza. Dawa kwa wakati naweza. Mimi na ratiba ni ndugu. Kumwinua, mtu wa mazoezi ya viungo kanionyesha, na kila siku nabeba makochi ya kukaa watu watatu. Kuoga, hapana. Mama hatataka, wala mimi. Atafutwe mwanamke wa kuja asubuhi.

Na likitokea jambo, maneno yakaondoka? Hapo ndipo penyewe. Tumejaribu na jirani: nimempigia kwa simu ya mama, yangu ikasema kwa sauti ya Kengele, “Njoo sasa hivi, mama anahitaji msaada.” Alikuja mbio na mwiko mkononi.

Dada kasema huu ni mchezo. Simu ikizima je? Ana haki, simu huzima. Nimesema nitanunua chaji ya akiba. Akaendelea kuosha vikombe. Halafu, mgongo kanipa, akasema amekuwa mdomo wangu tangu ana miaka tisa, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anataka.

Nikachukua kitambaa, nikakausha vikombe. Na maneno nilikuwa nayo.

Alhamisi, 13 Machi

Ofisi ya daktari. Feni inalia kama paka aliyebanwa mlangoni. Mama yuko kwenye kiti cha magurudumu, dada kulia kwangu. Nilipoingia tu maneno yakaaga.

Daktari akamuuliza dada: nani atamtunza?

Nikabonyeza. “Naelewa, sema na mimi.” Sauti ya Kengele ikajaa chumba. Daktari akaruka kidogo. Akamtazama dada, kama anaomba ruhusa. Dada hakumpa, hakumnyima.

Daktari akanigeukia. Akaanza kupaza sauti na kuvuta maneno, moja-moja, kama anamfundisha mtu kuhesabu. Nikabonyeza ile ya Kengele: “Usinipigie kelele, bwana.”

Mama akaziba mdomo kwa shuka.

Daktari akashusha sauti. Akaniuliza kawaida, kama unavyomuuliza mtu: je, utaweza kukaa naye? Nikabonyeza: “Nisubiri, najibu.”

Ndiyo wananisubiri. Jibu langu ni refu, halimo kwenye simu, kwa hiyo naandika hapa hapa daftarini, nitampa ukurasa unaofuata. Daktari katazama saa. Nesi kachungulia, karudi. Dada kafungua mdomo, namwona kwa pembe ya jicho. Kaufunga. Mama kamwambia daktari akae, kusimama hakuharakishi kalamu.

Kavuta kiti. Kakaa.

Naanza: Naweza kukaa na mama, ila