Nafasi ya Vidole Viwili

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mvua toka alfajiri. Mjukuu wangu Ezron kaamka hana raha. Kalizunguka lile pikipiki lake la safari ndefu, kubwa kama ndama wa mwaka, kainama nyuma, kasonya. Nikamwita kwa utani wetu, mume wangu, nini tena? Anasema, mke wangu, tairi la nyuma limekwisha, limebaki kipara. Nami nimepitisha kiganja mwenyewe. Laini kama kibuyu!

Na kazi inaanza Jumatatu ijayo. Mbeya kuna watu wanatembeza wageni kwa mapikipiki, wanapanda zile kona za Chimala kwenda Matamba mpaka Kitulo, kuangalia maua. Mtu anaacha kwao anakuja kukanyaga matope aone maua. Haya. Ezron atangulie mbele, awaonyeshe njia. Bosi wake kasema wazi: mwenye tairi kipara asije.

Mwaka mzima kijana alikaa kibarazani kwangu anaisugua simu kwa dole gumba. Kazi imepatikana, tairi linakataa. Mimi ndiye niliyemlea toka hajaota meno, mama yake Leokadia alipoolewa huko Uyole, Mbeya. Kwa hiyo kipara hicho ni cha kwangu.

Jumanne, 4 Februari

Nimekwenda naye kwa fundi Philbert, pale barabara kuu. Ezron hakutaka niende. Anaona haya! Nikamwambia nilikuogesha kwenye karai, leo unaona haya kwa ajili ya mpira?

Kwenye tairi kuna namba. 130/80-17. Philbert anaeleza haraka haraka kama mwuza dawa. Nikamwambia taratibu, mimi nimeishia darasa la nne, na hilo la nne tulilima shamba la mwalimu. Basi kaeleza tena. Ile 130 ni upana. Ile 17 ni ringi, hiyo haibadiliki, ukikosea haliingii. Ile 80 ni kimo chake, lakini siyo kwa rula — ni themanini katika kila mia ya ule upana.

Nikasema, kama zaka. Kumi katika kila mia.

Philbert kacheka. Ndiyo bibi, zaka, ila hii inakula themanini.

Basi nimeelewa. Tairi likiwa pana, linarefuka pia, hata hiyo themanini isipobadilika. Kama mtoto mnene anayekua pande zote. Ezron kanitazama kama ng'ombe kaongea. Mjinga! Anadhani akili inaanzia kidato cha kwanza.

Ila namba yetu haipo. Philbert kapiga simu mjini, hakuna. Mbeya wameagiza, itafika wiki ijayo. Labda. Nalichukia neno labda.

Jumatano, 5 Februari

Ugomvi.

Mjini lipo tairi moja linaloingia ringi yetu. 140/80-17. Lina kashata kubwa, yale meno ya mpira, kila moja kama kipande cha sabuni. Nimeliona. Nimelipenda.

Ezron hataki. Anasema bibi, hiyo siyo saizi yake. Yeye anataka aende Mbeya polepole na hilo kipara, akifika asubiri 130 yake. Polepole! Na mvua hii! Malori ya Tunduma yanapita hapa Ipogolo, Iringa, usiku na mchana kama yanafukuzwa, na yeye awe katikati yao amekalia kibuyu.

Nikamwambia: ng'ombe wa watu wa Usangu wanapita matope kwa sababu ya kwato pana. Mbuzi ananasa. Wewe unataka kuwa mbuzi?

Anasema pikipiki siyo ng'ombe.

Nikasema asante kwa kunielimisha.

Philbert tulipompigia kasema linaweza kukaa. Pikipiki za namna ile zina nafasi kidogo. Ila litasogea juu karibu na madigadi, lazima aone kwanza. Nimeshika hapo. Linaweza kukaa! Ezron kala ugali bila kuniangalia.

Alhamisi, 6 Februari

Kanunua. Lile nene. Nimeshinda.

Sijui kwa nini sina furaha.

Ijumaa, 7 Februari

Limefungwa leo. Philbert alihangaika nalo, katoa jasho, kasogeza ekseli nyuma kidogo ili cheni ikae. Kisha akaizungusha ringi hewani. Inazunguka vizuri, haigusi. Akaingiza vidole viwili kati ya tairi na madigadi. Vimeingia. Kaniambia bibi njoo ujaribu. Nikaingiza vyangu, hivi vinene vya jembe. Vimeingia kwa kubanwa. Juu kule ndani nimegusa kitu cha baridi. Nikauliza nini. Boliti ya kushikia kibao cha namba, anasema.

Nikamwambia Ezron, unaona? Nafasi ipo. Ungekuwa mbuzi wewe.

Akacheka! Mara ya kwanza toka Jumatatu. Bibi anachezea pikipiki yangu kama kuku anayetafuta yai, anamwambia fundi.

Philbert hakucheka sana. Alijifuta mikono, akasema, Ezron, hizi siku za kwanza uende mwenyewe na begi lako dogo. Mgongoni, siyo nyuma. Usibebe mtu, usibebe mzigo. Shokapu ikishuka, ile nafasi inapungua. Ile 130 yako ikifika Mbeya, badilisha.

Nilisikia. Nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika mwavuli.

Jumamosi, 8 Februari

Nafunga mizigo ya Leokadia. Unga kiroba kimoja. Maharage yale ya njano debe nusu. Maboga mawili. Jogoo.

Ezron anasema bibi, fundi alisemaje? Nikasema fundi atengeneze baiskeli. Hawezi kunifundisha namna ya kumuaga mtu. Toka lini mtoto akatoka nyumba hii akaingia nyumba ya mama yake mikono mitupu? Leokadia ataniambia nini? Wakwe zake watasema Wahehe tumeishiwa.

Anasema Mbeya ndiko kwenye mahindi, mke wangu. Unapeleka maji mtoni.

Siyo mahindi yangu, nikamjibu.

Anasema kwa sauti ya chini, kama anaongea na kuku: basi tuache maboga.

Nimeacha boga moja. Nani asiyeelewa maana ya heshima? Na begi lake la nguo pia nitalifunga juu. Atabebaje begi mgongoni kama mwanafunzi, mtu anayekwenda kazini?

Mvua haijakata.

Jumapili, 9 Februari

Misa ya kwanza. Padre kainyunyizia pikipiki maji ya baraka, tairi la nyuma nikamwomba aliongezee. Kanyunyiza mara mbili. Wanajumuiya wamecheka, wacheke.

Tumerudi, tumefunga mzigo kwa kamba ya mpira. Kiroba chini, maharage juu, begi juu yake, boga upande, jogoo kwenye kapu upande wa pili. Pikipiki imekaa chini kama mama mjamzito. Ezron kaniinamia, nikamshika kichwa juu ya ile kofia ngumu. Sikulia. Akawasha. Kwenye mfereji wa pale langoni kadunda, nikasikia kitu kinakwaruza — kwaruuu! Nikajua ni kapu la jogoo. Akapunga mkono, akaingia barabara kuu.

Nimekaa.

Ujumbe wa Ezron umeingia baadaye, nimeusoma mwenyewe: Bibi nimefika Makambako, mvua kubwa, naona linanuka mpira kidogo, nasonga. Nimefurahi. Kitu kipya lazima kinuke, hata viatu vipya vinanuka. Nikamwandikia, Mungu akutangulie mume wangu.

Uwanja mchafu, majani, mavi ya kuku. Sikuugusa. Mtu akisafiri hatufagii mpaka afike, unaweza kumfagia yeye. Jirani yangu Bi Lea kapita langoni kauliza, leo umelala? Nikamwambia mtu wangu yuko njiani. Kaelewa.

Kwa hiyo vilikuwa bado pale. Kama ningefagia nisingeviona. Kuku wanadonoa vitu vyeusi kwenye mfereji, wanavitema, wanavidonoa tena. Nikadhani ni wadudu wa mvua. Nikawafukuza, nikainama na magoti yangu haya. Mpira. Vipande vya mpira, vyembamba, vimejikunja kama maganda ya kiazi. Kimoja kina alama iliyonyooka, kimekatwa kama kwa kisu.

Haikuwa kapu.

Nimempigia Ezron. Inaita, haipokelewi. Simu anaiweka ndani ya koti la mvua, atasikiaje? Nimepiga tena. Tena. Sasa yule dada wa mtandao anasema haipatikani.

Nimempigia Philbert. Kauliza, bibi, umempakia nini?

Nikasema kidogo tu.

Bibi. Nini?

Nikasema unga. Nikasema maharage. Nikasema boga, na jogoo, na begi. Kila nilichotaja alikuwa anasema ehe, ehe, kama padre kwenye kitubio. Kisha kasema: likila plastiki ya madigadi siyo shida. Shida ile boliti. Kila akidunda, inachana tairi. Kwenye lami atafika hata Igawa huko mbele, hajui kitu. Likipasuka akiwa taratibu ataanguka tu. Akiwa anapishana na lori...

Hakumaliza. Nami sikumwambia amalize. Kasema tu, asimame popote alipo, ashushe kila kitu, kila kitu bibi, asiendelee.

Leokadia hajamwona. Nimempigia, kaanza kulia, nikamkemea anyamaze, machozi hayapokei simu. Mama, kwa nini ulimpa mzigo? Nimemkatia.

Nikamkumbuka Nyamizi. Huyu anauza mchele Chimala, akileta magunia Iringa analala kwangu, ana kibanda pale pale ukingoni mwa barabara ya Mbeya. Watu wa kwao walihama na ng'ombe wao kutoka kaskazini, tunataniana sana. Nikampigia: Nyamizi, mwanangu, mjukuu wangu anakuja upande wako, pikipiki kubwa ya bluu, ina jogoo. Kacheka. Mhehe wewe, unapeleka unga Mbeya! Kesho utatuletea mchele Chimala? Nikamwacha acheke. Kisha nikamweleza. Akaacha.

Kasema mama, natoka sasa hivi. Nachukua kanga nyekundu. Kaa hapo hapo, usikate simu.

Simu nimeiweka mezani, sauti ya juu. Kalamu nimeishika ili mikono iwe na kazi, maana mara ya kwanza niliikata simu kwa dole langu hili. Nasikia mvua ya Chimala inagonga mwavuli wa Nyamizi. Huku kwangu imekata. Lori linapita, simu inajaa kelele, halafu mvua tena.

Anasema pikipiki imepita, siyo, ni bodaboda. Nyingine, siyo, imebeba magodoro.

Anauliza, akisimama nimwambie nini kwanza? Atataka kusalimia.

Asisalimie! Mwambie bibi kasema amwage. Unga, maharage, vyote, palepale barabarani, wale nguruwe. Jogoo mfungulie. Mwambie aende kwa mama yake mikono mitupu. Mwambie hivyo, mikono mitupu, hataamini kama ni mimi, lakini ni mimi.

Nyamizi anasema: mama, kuna taa moja. Mbali, kule kwenye daraja. Haiendi moja kwa moja.

Haiendi moja kwa moja vipi?

Inayumba.

Nasikia viatu vyake kwenye maji, anakimbia. Nasikia simama! Simama! Nasikia honi ndefu ya lori, na chini ya honi kuna injini, naijua ile injini, imekaa kwenye uwanja wangu mwaka mzima, haijapunguza mwendo, Nyamizi ipunge hiyo kanga, ipunge juu, jogoo anawika, namsikia jogoo