Moto wa Jumamosi

Mpendwa mke wangu Kemunto,

Nimechoka, mama. Nakuambia wewe kwa sababu wengine nikiwaambia wanacheka. Wanaamini Mombasa hachoki. Bado wananiita hivyo hapa Mosocho, kwa ajili ya ile miaka yangu ya kubeba magunia bandarini, na mimi bado nawaambia kwamba ilibaki kidogo tu nipewe meli niendeshe. Ni wewe peke yako uliyekuwa ukinitazama na kusema, "Meli, na baiskeli inakushinda."

Nataka tuongee habari ya vile vitabu vya Tuma. Unakumbuka nilivyovitoa Kampala, vitatu vimefungwa kwa kamba ya katani, nikaingia navyo katika hoteli yetu ya chai kama mtu aliyeleta ng'ombe wa mahari. Ukauliza, "Wewe wa darasa la tano, utavisoma lini?" Nikakujibu kwamba sikuoa mwalimu wa Shule ya Sabato ili nihangaike na herufi.

Vilikuwa vitabu vya vijana, lakini wazee ndio walivishika. Ijumaa ulikuwa unamaliza kupika chakula cha kesho, unafunika moto kwa majivu, halafu unaketi mlangoni na kutusomea mpaka jua liguse mlima. Watu waliacha ndizi zao sokoni. Msichana Tuma, katika nchi ile ya mawingu ambako Mfalme wa Nuru aliamuru hata moto upumzike siku moja kila wiki. Ulipokuwa ukisoma sauti ya ndege, mjumbe wa mfalme yule, mimi niliyelala Mombasa na Kampala na Mwanza nilikuwa nafungua mdomo kama mtoto.

Kisha tukafika kitabu cha tatu. Tuma anamkuta mzee wa upande wa maadui kwenye theluji, anaganda, na siku yenyewe ni ile ya moto kupumzika. Tuma akawasha.

Hoteli ikapasuka. Wa Jumamosi wakahamia benchi la mlangoni, wa Jumapili wakabaki dirishani. Omwenga fundi baiskeli, mtu wa kanisa lako, akasema, "Huyo msichana ameharibu hadithi nzima. Amri ni amri."

"Kwa hiyo amwache mzee agande kama samli?" Hiyo ilikuwa sauti ya Nyaboke muuza ndizi, Mkatoliki mwenzangu.

"Angemfunika blanketi."

"Blanketi gani? Hukusikia aliliuza katika kitabu cha pili? Ulikuwa umelala, Omwenga. Tulikusikia."

Wengine walisema mwandishi ni Msabato aliyeasi. Wengine wakasema ni padri aliyejificha. Mimi nilikuwa namimina chai tu na kuchochea, maana unanijua.

Lakini maneno yakapanda mpaka Birongo kwa baba yako. Alikuwa amekubali kwa shida binti yake aolewe na mtu wa Jumapili, na sharti lake lilikuwa moja tu: moto usiwake kwetu siku ya Sabato. Ndiyo maana tulifunga Jumamosi kwa ajili yako na Jumapili kwa ajili yangu, na watu wakasema hoteli yetu inapumzika kuliko ofisi ya serikali. Akaja na kofia yake na mwavuli. Hakuketi.

"Kemunto, nimesikia unawafundisha watu kuvunja Sabato. Funga vitu vyako. Twende nyumbani."

Mimi, mwenye mdomo uliobishana na Waarabu bandarini, nilishika birika nikamimina chai katika kikombe kilichokwisha kujaa. Niliona nyumba yangu inaondoka na mwavuli ule. Wewe ukamvutia kiti, ukamwekea chai, ukamwekea na kitabu mapajani. "Tata, soma mwenyewe. Ukimaliza nitafunga vitu."

Akavaa miwani. Alisoma midomo ikitembea, chai ikapoa, wateja wakaingia na kutoka kwa ncha za vidole. Alipomaliza alikifunga kitabu kidole chake kikiwa bado ndani.

"Huyu mzee wa theluji. Alipona?"

"Hiyo iko katika kitabu cha nne, tata."

"Kiko wapi?"

"Hakijafika."

Akasimama, akachukua mwavuli. "Huyo msichana hakufanya vizuri," akasema. Akafika mlangoni akageuka. "Kikifika, nipelekeeni habari." Akapanda Birongo peke yake, na wewe ukaenda nyuma ya nyumba ukalia, kisha ukarudi ukaniambia sufuria inaungua.

Kitabu hicho nimekitafuta Kampala, nimekitafuta Nairobi. Hakipo. Omwenga na Nyaboke wanabishana mpaka leo.

Tangu ulale, Kemunto, watu wananiambia, "Mombasa, fungua Jumamosi sasa, mwenyewe hayupo." Sifungui. Kila Ijumaa nafunika moto kwa majivu kama ulivyokuwa ukifanya, ila mimi najaza vumbi hata kwenye sukari. Halafu nakaa siku mbili katika nyumba baridi, viti juu ya meza, nasikiliza mabati. Hicho ndicho kinachonichosha. Kazi hainichoshi.

Jana Jumamosi ilinyesha mvua ya mawe. Mlango ukagongwa, na alikuwa baba yako, ametoka kanisani, kofia inachuruzika. Amekuwa mwembamba. Unajua heshima yetu, mkwe hakai jikoni kwa mkwe wake. Lakini alipita mabenchi yote akaenda kuketi kwenye kigoda chako, mbele ya majivu. Alikuwa anakohoa kikohozi cha ndani kabisa, mikono inacheza.

Nilimvua koti, nikamzungushia blanketi letu. Haikusaidia. Nikatazama kuni, nikamtazama yeye. Kuwasha ilikuwa rahisi. Lakini kuwasha kwako, siku yako, mbele ya mtu aliyetaka kukuchukua kwa sababu ya moto wa kwenye karatasi! Nilisimama pale na kiberiti mfukoni, mzee mzima, sijui la kufanya.

Yeye ndiye aliyesema. "Kile kitabu cha nne hakijafika?"

"Hakijafika, mzee."

"Kwa hiyo hatujui kama alipona."

"Hatujui."

Akasogeza kigoda karibu na majivu. Tangu nikuoe hajawahi kuniita jina hili. "Washa, Mombasa," akasema. "Tujue."

Nikawasha. Moshi ulitutoa machozi wote wawili, na hakuna aliyeuliza mwenzake. Aliomba kabla ya chai, akakutaja, akanywa. Kisha akasema bado anashikilia kwamba msichana yule hakufanya vizuri, na akaninyooshea kikombe niongeze.

Leo ni Jumapili, siku yangu. Sikwenda misa. Baba yako amelala hapa nyuma yangu, kikohozi kimepungua, na moto haujazimika tangu jana. Nikimaliza kuandika nitaongeza ukuni mmoja.

Pumzika wewe, mama. Sisi huku tutaendelea kubishana.

Mumeo wa Jumapili