Chiriku na Mwanafunzi Wake

3 Oktoba

Kaka yangu,

Habari za hapo? Mgongo umepona au cherehani bado inakutesa? Sisi huku Ujerumani wazima, ila nina jambo limenikaa rohoni. Mwalimu wa mpwa wako Chiriku aliniita. Akasema weee, mimi naitikia tu "ja, ja", ndiyo, ndiyo, nisionekane mjinga. Kumbe nimekubali mtoto arudishwe darasa la kwanza! Eti darasani hafungui mdomo, basi Kijerumani hakijui. Chiriku mwenyewe ndiye aliyenitafsiria njiani, huku analia. Nimebakiwa na kikao kimoja tu cha kumpinga mwalimu, mwisho wa mwezi.

Mdogo wako

11 Oktoba

Mdogo wangu,

Mgongo haujambo, ila mdomo unaniwasha. We dada wewe! Ungeambiwa unauzwa je, ungeitikia? Haya, pole, futa machozi. Hebu niambie, aliyekutafsiria njiani ni nani? Si huyo huyo wanayesema hajui? Basi akufundishe. Anzeni na vitu vya shule, na ole wako uitikie tena usichoelewa.

Kaka yako

20 Oktoba

Kaka,

Hamjambo nyote? Jikoni kwetu sasa ni darasa. Mlango wa friji ndio Tafel, ubao. Heft ni daftari, Bleistift penseli. Mpwa wako mkali huyo! Nikikosea ananisimamisha kando ya sinki. Kazini nafua mashuka ya hoteli huku nanong'ona "Hausaufgaben", kazi ya nyumbani, wenzangu wanadhani nimerukwa na akili. Naogopa, kaka.

Mdogo wako

1 Novemba

Kaka wee!

Salamu baadaye! Jana mwalimu alipoanza tu, nikamwambia, "Nein," hapana. Nikaonyesha kimoja kimoja: Tafel, Heft, Kreide, ile chaki. Akauliza nani kanifundisha. Nikamgeukia Chiriku. Kimya! Nikasema leo tumekwisha. Mara akasimama: "Ich!" Yaani mimi. Kisha akaanza kunisahihisha mbele ya mwalimu, akaeleza hili, akaeleza lile, mpaka mwalimu akaweka kalamu chini na kucheka. Harudishwi, kaka! Anabaki na wenzake!

Mdogo wako

19 Novemba

Kaka yangu,

Nawasalimu nyote, sisi tunadunda. Leo mwalimu ameniletea barua. Eti Chiriku anaongea mno darasani, nimwambie apunguze. Nimeisoma mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho.

Simwambii ng'o.

Mdogo wako