Dawa za Mwanangu Ziko Kwangu

Jumatatu, 4 Machi

Leo kliniki ya ini. Mwanangu, fundi wa kuchomelea, mrefu mpaka anainamia milango, kaingia na mke upande huu, mama upande huu. Majibu mazuri! Kirusi cha homa ya ini B hakionekani kwenye damu. Na ini lililokuwa limeanza kuwa gumu — limelainika. Daktari kasema ni matunda ya kidonge cha kila siku, miaka yote hii. Nikaweka kilemba sawa, nisubiri pongezi zangu. Akamgeukia yule binti: hongera shemeji, unamtunza. Shemeji! Ameolewa juzi, hina haijafutika. Nani alimkimbiza na kidonge tangu hana ndevu? Nimepika mimi, sifa za mpakuaji.

Akaonya pia: asiache hata akijisikia simba. Kirusi kimelala, hakijafa. Dawa ikikatika kinaweza kuamka na kulivamia ini.

Jumatano, 6 Machi

Dawa ziko kwangu, kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Walipohamia kwao mkwe aliziomba kwa adabu zote. Nikamwambia nyumba yenu ina unyevu, zitaharibika. Unyevu gani, na bati jipya! Lakini hivi mwanangu hupita kila jioni akitoka karakana. Anameza, ananitania, ananiita mheshimiwa. Hiyo ndiyo saa yangu. Wivu sina. Kila mtu na chake tu.

Ijumaa, 8 Machi

Jana hakuja. Leo pia. Nikapiga simu, akapokea mkwe — simu ya mwanangu! Eti kateguka kifundo cha mguu, hakanyagi chini, aje yeye achukue dawa? Nikasema nipe mwenye ini. Mwanangu akasema mama, mpe tu, mimi si godoro la kuvutwa huku na huku. Nikamjibu apande bodaboda aje. Mguu si ini.

Nikakata.

Jumamosi, 9 Machi

Hajaja. Kiburi kaurithi kwangu, wapi kwingine. Nimelishusha kopo, nimelifuta vumbi, nimelirudisha.

Jumapili, 10 Machi

Mkwe yuko sebuleni. Kaja kwa miguu, jua lote hili. Sikumkaribisha hata maji. Kainuka, kachota mwenyewe, na glasi anajua zilipo. Kisha kasema taratibu, bila kupandisha sauti:

“Mama, mume wangu, mwana wako, hayo tutayagombania mpaka tuzeeke. Ini ni lake. Nipe dawa.”

Nimemwambia ngoja nizitafute. Nimejifungia chumbani, kopo liko mapajani. Nilifikiri nimpe mbili tu, keshokutwa aombe tena. Lakini hapo atakayekuwa anakuja ni yeye, si mwanangu. Nikimpa zote, jioni nitamsubiri nani?

Na kile kirusi — sijui kimelala bado?

Anagonga. Anauliza kama nimeziona. Nimemwambia nimeziona, nazileta zote.