Pale Tulipogeukia

Jumatatu, 4 Agosti

Tumeanza saa mbili asubuhi. Askari wa geti la hifadhi alinipigia saluti kwa mazoea, akasahau kwamba nimestaafu. Akatuandika: watu wawili, njia ya mto, siku saba kwenda na kurudi. Kwenye safu ya sababu ya safari alimtazama kidogo mama niliyeongozana naye, kisha akaandika "matembezi".

Mama ni mshonaji. Miaka sitini na mbili, mwembamba, miguu ya mtu aliyekanyaga cherehani maisha yake yote. Buti alizivaa dukani mwezi mzima akishona, wateja wakimcheka, ili zisije zikamchubua huku. Binti yake alipita njia hii peke yake miaka miwili iliyopita. Hakutoka. Mimi ndiye niliyeongoza utafutaji. Siku saba. Tukapata kofia tu.

Alinipigia simu mwezi uliopita. Anataka kuona mpaka pale tulipogeukia. Nikamwambia wapo askari vijana, wenye magoti mazima. Akasema anamtaka aliyekuwepo.

Mke wangu hakupenda. Kidonda kikishapona, alisema, hakikwaruzwi. Kilipona lini — sikumuuliza.

Kilomita tisa. Mto uko chini yetu, maji ya kahawia, yanagombana na mawe. Goti linauma.

Jumanne, 5 Agosti

Ananishinda kutembea. Anahesabu hatua kati ya alama moja ya rangi ya kuonyesha njia na nyingine, kama anapima kitambaa. Mia na arobaini. Mia na sitini na mbili. Halafu mia tatu na kitu. Akasema hapa wapakaji walikuwa na haraka ya kwenda kula. Kweli — mimi nilikuwa mmoja wao. Nikacheka. Kisha nikajiona vibaya kwa kucheka.

Mchana tukafika daraja la kamba. Nikamwonesha kichaka ilipokutwa kofia. Akashika tawi, akalipangusa kama anayefuta vumbi kabatini. Akauliza: ilikuwa imeanguka, au imetundikwa? Miaka miwili, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Imetundikwa, nikasema.

"Basi alikuwa anapumzika," akasema. "Hakuwa anakimbia kitu."

Kuanzia pale nikawa nasikia nyayo za watu watatu. Zangu, zake, na nyingine nyuma kidogo. Mara mbili nilisimama nikijifanya nafunga kamba za viatu. Nikisimama, nazo zinasimama. Ni mwangwi wa ukuta wa mawe. Nimefanya kazi hapa miaka thelathini na moja, naujua mwangwi wa ukuta ule.

Haukuwa unachelewa hivyo.

Jumatano, 6 Agosti

Manyunyu tangu asubuhi. Kilomita saba tu. Kesho tutafika.

Niandike, maana sijawahi kuliandika popote. Siku ya saba ya utafutaji, saa kumi alasiri. Tuko kwenye kona ya mto, mahali njia inapoishia na korongo kuanza. Watu wamechoka, wawili wanaharisha, wingu linakuja. Nimekwishatoa amri turudi. Wenzangu wametangulia, mimi niko nyuma kwa sababu ya goti. Nikasikia filimbi. Mara tatu. Kimya. Mara tatu tena. Kutoka ng'ambo, juu.

Nilisimama labda dakika moja. Nikajiambia ni ndege. Nikawafuata wenzangu. Sikumwambia mtu. Mvua ikapiga usiku kucha, asubuhi mto hauvukiki. Kwenye ripoti nikaandika hapakuwa na dalili yoyote, na kwa ripoti ile utafutaji ukafungwa.

Mwaka jana alikuja mtaalamu wa ndege. Nikamuuliza ni ndege gani anaita mara tatu, ananyamaza, anaita tena mara tatu. Akacheka. Hakuna ndege anayehesabu, afande.

Birika letu la nyumbani lilikuwa linapiga mluzi maji yakichemka. Nililitupa. Mke wangu anadhani liliibwa.

Leo mama ameniuliza kama nimelala vizuri. Nikasema ndiyo. Akasema naongea usingizini. Hakusema naongea nini.

Alhamisi, 7 Agosti

Tumefika saa sita. Jiwe tambarare, maji ya magotini, ng'ambo mchanga mwembamba halafu mwamba unapanda. Nikamwambia: hapa.

Akavua buti, akatia miguu majini. Tukakaa. Kisha akauliza, kwa sauti ileile ambayo bila shaka huwaulizia wateja kama wanataka mikono mirefu au mifupi:

"Ulisikia nini, afande?"

Nikauliza ana maana gani.

"Unanitumia salamu kila mwezi. Miaka miwili. Mtu hamjulii hali asiyemjua kila mwezi, bure bure. Nimekusubiri useme kwenye simu, husemi. Nikaona nije nawe."

Nikamwambia. Yote. Nilisema nikitazama maji. Nilitegemea alie, anilaani, anipige. Aliuliza kitu kimoja tu: ilitokea upande gani. Nikanyoosha kidole. Akatazama kinakoelekea, akatazama, mpaka mkono ukanichoka na sikuthubutu kuushusha.

"Filimbi hiyo nilimnunulia mimi," akasema.

Basi. Tukapiga mahema. Nilimpelekea chai, akapokea, akaniambia asante. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 8 Agosti

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hema lake limekunjwa, kona kwa kona. Kikombe kimeoshwa. Nyayo zake zinaingia majini na hazirudi.

Maji yamepanda. Mapajani, pengine zaidi. Huko juu kumenyesha.

Simu haina mtandao. Utaratibu naujua, niliufundisha mwenyewe: rudi kituoni, omba kikosi, mtu mmoja asivuke peke yake. Kituo cha karibu kiko mwendo wa saa nane.

Nimeita. Mto tu.

Nimetoa darubini begini. Ng'ambo kwenye mchanga — nyayo, zinatoka majini, zinapanda. Amevuka salama.

Nimemwona! Yuko juu, pale mwamba ulipojitokeza kama baraza, upande uleule. Amepiga magoti. Anaondoa majani kwa mikono miwili, polepole, anayaweka kando. Nimemwita tena. Hainui kichwa.

Ameacha kuondoa majani. Amekaa. Amevua kitambaa chake cha kichwa, anakitandaza juu ya kitu, ananyoosha pembe zake moja moja.

Daftari nitaliacha juu ya jiwe, ndani ya mfuko wa plastiki. Nimekata fimbo. Naanza na mguu mzima.