Nyekundu Haikodolewi

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi cha vumbi la msasa kimekuachia. Mama hajambo? Mimi sijambo, ila miguu inauma kwa ngazi za kupanda kwenye kuba la darubini.

Uliuliza kazi yangu hapa kituoni ni nini hasa, maana majirani wanadhani nimekuja kujifunza kutabiri. Waambie hapana. Kila jioni giza likiingia napewa darubini ndogo na orodha ya nyota. Nalinganisha kila moja na jirani zake ambazo mng'ao wake unajulikana, naandika. Basi.

Ninayoipenda ni nyekundu kama kaa la moto. Kwa macho ni moja, kumbe ni mbili zinazungukana. Kubwa ni jitu lililozeeka, limejaa kaboni hadi linajifukiza masizi kama kibatari. Ndogo ni kibete cheupe, hakizidi dunia yetu kwa ukubwa, lakini kina moto wa kupindukia na uzito unaokaribia wa jua. Kinamnyonya mwenzake hewa kidogo kidogo, ndiyo maana hapa wanakiita Mdokozi. Siku kikishiba, kinalipuka kwa mwanga, na hakuna hapa aliyewahi kushuhudia.

Baba, nyota hiyo inaongezeka! Siku nane mfululizo nimeiona iking'aa zaidi. Mkuu wa kituo amesoma daftari langu, na Ijumaa darubini kubwa itaelekezwa huko. Dada mmoja anayechunguza nyota yenye mkia alisubiri zamu hiyo miezi minne, ameniachia. Mwezi wa nne Mkuu anaamua kama nabaki au narudi nyumbani. Niombee.

Mwanao.

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima. Kikohozi kimehamia kwa mnyoosha bodi wa gereji yetu, nami sijamwambia kimetoka wapi.

Nimefurahi, lakini kuna jambo linanikera. Wewe huitazama hiyo nyekundu kwa muda gani? Nimepaka magari rangi miaka ishirini na sita, na nyekundu haikodolewi. Ukiitulizia macho inazidi kuwaka machoni mwako, kumbe yenyewe iko palepale. Nilipokuwa mgeni kazini nilipatanisha rangi ya mlango kwa kuukodolea nusu saa. Mwenye gari alipokuja akauliza, "Fundi, huu mlango mmeuazima wapi?" Tangu siku hiyo nachungulia tu, naangalia pembeni, nachungulia tena.

Labda nyota ni tofauti. Jaribu.

Baba yako.

19 Februari

Baba,

Shikamoo. Hapa afya ni njema, moyo ndio mgonjwa.

Nyota si tofauti. Nimechungulia ulivyosema, na iko vilevile ilivyokuwa kabla ya zile siku nane. Niliipenda mno. Siku ya kwanza niliikodolea dakika mbili, ya nane nikafika kumi, na kila nilipozidi kukaa nayo yenyewe ikazidi kung'aa.

Barua yako ilifika baada ya Ijumaa. Darubini kubwa ilikuwa imekwisha elekezwa, haikuona kitu. Mkuu akasema pengine ililipuka kidogo ikatulia, akaziacha namba zangu. Hakuna anayenishuku, na hilo ndilo linaloniumiza. Nikisema, nani atanibakiza? Mara tatu nimefika mlangoni kwake. Mara ya tatu akauliza nataka nini, nikasema nimekuja kuchukua ufagio. Nikafagia ofisi nzima.

Mwanao.

26 Februari

Mama,

Leo salamu fupi, mwanangu: tu wazima. Umefagia vizuri, sasa sema. Rangi ikipakwa vibaya haijirekebishi kwa kukauka. Wakikurudisha, kitanda chako kipo, na mdogo wako anayekilalia tutamhamisha kwa nguvu.

Baba yako.

14 Aprili

Baba na Mama, na mnyoosha bodi pia,

Shikamooni nyote. Hamjambo? Mnisamehe kwa kukaa kimya wiki saba. Nilitaka kwanza niwe na neno.

Nilisema. Kwenye kikao, mbele ya wote, nikitazama viatu vyangu. Mkuu hakunifokea. Aliniambia nizikate zile namba nane kwa mstari mmoja, zisomeke bado, nitie sahihi pembeni. Lakini yule Dada alisema, "Zamu yangu hiyo!" na tangu hapo hakunisalimia.

Sasa sikilizeni. Juzi jioni nikachungulia, nikaangalia pembeni, nikachungulia tena. Nyota haikuwa nyekundu. Ilikuwa imepauka, rangi ya chungwa inayoelekea njano. Nikajua haya si macho yangu: ukikodoa, nyekundu huzidi kuwaka, haipauki. Hii ilikuwa kama mtu ametia nyeupe kwenye kopo.

Mkuu alikuwa safarini, mawingu yalikuwa yanapanda, na darubini kubwa ilikuwa zamu ya nani? Ya Dada. Nikagonga.

"Nani?"

"Mimi. Naomba nusu saa yako."

"Umeikodolea tena?"

"Nimechungulia mara tisa. Februari nilikosea, nikasema. Leo sijakosea."

Akanitazama hadi nikaogopa nitaanza kung'aa. Kisha akasema, "Nusu saa. Dakika ya thelathini na moja nakutupa nje."

Hakunitupa. Chombo cha kutawanya mwanga katika rangi zake kilipofanya kazi, upande wa buluu, ambako jitu lenyewe halina kitu, ni moto wa kibete tu, uliwaka wote. Dada alipiga ukelele, akanikumbatia, akasahau kabisa mkia wa nyota yake. Mdokozi ameshiba, Baba! Vituo vingine vitatu vimetazama na kukubali.

Mkuu amerudi leo asubuhi. Amesoma daftari kutoka mwanzo, pamoja na namba nilizokata, akanipa kalamu niandike taarifa mwenyewe. Nabaki!

Nakatisha hapa. Giza limeingia, na Dada ananiita kwa sauti ya kupasua kuba: anasema imepauka zaidi, lakini hataki kuandika lolote kabla mimi sijachungulia.

Mwanao.